Ni Nini Kinachoufanya Muziki Uliorekodiwa Usikike Vema? Neno kwa Kwaya na Walimu Wao

Utangulizi

Kwaya moja ya usharika hapa Songea ilikusanya fedha kwa muda wa miaka miwili ili irekodi nyimbo zake. Wanakwaya walilima shamba la mahindi, wakauza maandazi kila Jumapili baada ya ibada, na hatimaye wakasafiri hadi mji mwingine wenye studio. Kazi ilipokamilika tulialikwa kuisikiliza. Kinanda kilisikika, ngoma za mashine zilisikika, lakini maneno hayakusikika. Mama mmoja mzee aliyeketi karibu nami aliuliza kwa upole, “Baba Mchungaji, hapa wanaimba kwa lugha gani?” Hakuna aliyecheka, kwa maana fedha zilikuwa zimekwisha.

Baadaye mwenyekiti wa kwaya alinijia akitaka ushauri: je, wanunue spika kubwa zaidi ili maneno yasikike? Sikuwa na jibu la haraka. Juma lilelile nilikuwa nimetoa kabatini kanda ya mwaka 1994, ambayo ndani yake marehemu mama yangu anaimba sauti ya pili pamoja na kwaya ya mtaa wetu. Kanda hiyo ilirekodiwa kwa redio-kaseti moja iliyowekwa juu ya kigoda mbele ya waimbaji. Ina mvumo kama wa mvua ya mbali, na mwishoni mbwa anabweka. Hata hivyo kila neno linasikika, na sauti ya mama naitambua kati ya sauti ishirini.

Inawezekanaje chombo cha bei nafuu kikafanya kazi njema kuliko studio? Makala hii inakusudia kujibu swali hilo. Si swali dogo. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7-8, anachukua mfano wa filimbi, kinubi na tarumbeta kuonyesha kwamba chombo ambacho sauti zake hazipambanuki hakimfaidii msikilizaji. Yeye alikuwa akisema juu ya lugha katika kusanyiko, wala hakujua habari za kurekodi. Lakini mfano wake una maana tu kwa sababu jambo lenyewe ni kweli katika muziki. Nitaeleza kwanza tabia ya sauti na sikio, kisha chumba, kipaza sauti, chombo cha kuhifadhia, na mwisho jinsi masikio yetu yanavyoweza kudanganywa.

1. Sauti na mahitaji ya sikio

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Umri unapoendelea, tunapoteza kwanza ile ya juu. Mwimbaji wa besi hushuka hadi mitetemo 80 hivi, na soprano hupanda hadi 1,000 au zaidi kidogo. Mtu aweza kudhani basi kwamba kilicho juu ya 1,000 hakina kazi. Sivyo. Irabu ndizo zenye nguvu na ziko chini, lakini konsonanti ndizo zinazopambanua maneno, nazo ni dhaifu na nyingi ziko juu. Sehemu kubwa ya mlio wa “s” iko juu ya mitetemo 4,000. Simu za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu. Ndiyo maana tuliweza kuelewana, lakini tulipotaja jina la mtu tulilazimika kulitamka herufi kwa herufi.

Kuna tabia nyingine ya sikio ambayo walimu wa kwaya hawana budi kuijua. Sauti nzito yenye nguvu hufunika sauti nyembamba iliyo juu yake kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba inavyoweza kuifunika nzito. Besi ya kinanda na ngoma ya mashine zikizidishwa, konsonanti za waimbaji zinamezwa hata kama zimo ndani ya rekodi. Hilo ndilo lililoipata kwaya yetu. Spika kubwa zaidi ingeongeza besi ileile, na hivyo kuzidisha tatizo badala ya kuliondoa.

2. Historia fupi ya kurekodi kwetu

Kusini mwa nchi yetu kunasa sauti si jambo geni. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji bado havijazimika, mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na mitungi ya nta. Waimbaji waliimba ndani ya pembe ya bati. Nguvu ya pumzi yao yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora nta. Mtungi mmoja ulichukua dakika mbili au tatu tu, na sauti nzito kabisa na nyembamba kabisa zilipotea. Kipaza sauti cha umeme kilianza kutumika katika kutengeneza santuri mwaka 1925. Siti binti Saad wa Unguja aliporekodi Bombay mwaka 1928, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuingia katika zama hizo mpya.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa dansi katika studio yake kwa njia ambayo leo tungeiita duni: bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na muziki ukaingia katika utepe kama ulivyopigwa. Hakukuwa na nafasi ya kurekebisha gitaa kesho yake. Kwa sababu hiyo bendi zilifika zikiwa zimejiandaa, na usawa kati ya mwimbaji na tarumbeta ulipatikana kwa wanamuziki wenyewe kusogea mbele au kurudi nyuma.

Kanisa nalo lilikuwa na sehemu yake. Kituo cha redio cha Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu kilirusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963 hadi kilipotwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi katika studio ya Sauti ya Injili. Redio ya masafa mafupi hupitisha sehemu ndogo tu ya sauti, tena yenye kukatika na kuvuma. Mtayarishaji alijua kwamba kilichokosa kueleweka studioni hakitaeleweka kabisa kijijini. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ubora wa rekodi haupimwi kwanza kwa wingi wa mitetemo inayopita, bali kwa kulindwa kwa ile iliyo ya lazima.

3. Chumba

Chombo cha kwanza cha kurekodi ni chumba. Mwimbaji anapotoa sauti, sehemu ndogo humfikia msikilizaji moja kwa moja. Iliyobaki hupiga ukuta, sakafu na paa, ikarudi. Ikiwa ukuta wa nyuma uko umbali wa mita 17, sauti itakwenda na kurudi mita 34, nayo itachelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo mwimbaji wa wimbo wa haraka amekwisha ingia silabi nyingine, na silabi mbili zinagongana.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa vipimo ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa atibu ukumbi mmoja wa mihadhara ambao wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu. Alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akipiga bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilidumu baada ya bomba kunyamaza. Katika ukumbi mtupu sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Kisha akaleta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga na kupima tena, mara nyingi. Aligundua kwamba muda huo huongezeka kadiri ukubwa wa chumba unavyoongezeka, na hupungua kadiri vitu vinavyomeza sauti vinavyozidi. Kwa hotuba, sekunde moja hivi yafaa. Kwa kwaya, sekunde mbili hupendeza. Kanisa kubwa la mawe au matofali huweza kufika nne au zaidi.

Makanisa yetu mengi yana matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na mabati yasiyo na dari. Vitu hivi vyote hurudisha sauti. Lakini mwili wa binadamu na nguo zake humeza sauti vizuri sana. Kanisa hilohilo linalovuma kama pango siku ya Jumamosi, wakati wa mazoezi, hutulia Jumapili likijaa watu. Aliye na mkeka, mapazia, magodoro na vitenge tayari ana vifaa vya kurekebisha chumba.

Wala isidhaniwe kwamba mwangwi ni adui. Wimbo wa taratibu wa sauti nne huhitaji mwangwi kiasi ili sauti ziungane. Ni wimbo wa haraka wa kuitikiana unaoumizwa nao. Kwa upande mwingine, ngoma kama lizombe ya Wangoni ilizaliwa uwanjani, ambako hakuna ukuta. Anayeirekodi ndani ya ukumbi wa saruji anaibadilisha tabia yake, naye asishangae wazee wakisema kwamba siyo yenyewe.

4. Kipaza sauti na mahali pake

Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja hupungua hadi robo. Mwangwi, kinyume chake, umeenea karibu sawa chumba kizima. Kwa hiyo pana umbali fulani ambapo vitu hivi viwili vinalingana. Ukiuvuka, unarekodi chumba zaidi kuliko unavyorekodi watu. Katika kanisa la kawaida lenye kuta ngumu umbali huo ni mita moja au mbili tu. Redio-kaseti ya mwaka 1994 ilikuwa juu ya kigoda, hatua moja mbele ya kwaya iliyosimama nusu duara, na kanisa lilijaa watu. Aliyeiweka pale hakusoma fizikia, lakini aliiweka mahali panapostahili.

Hatari ya pili ni wingi wa vipaza sauti. Sauti moja ikiingia katika vipaza sauti viwili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo, baadhi ya mitetemo hujumlishwa na mingine hufutana, na sauti huwa kama imetokea ndani ya bomba. Mafundi wana kanuni rahisi: umbali kati ya kipaza sauti na kipaza sauti uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kipaza sauti na mwimbaji wake.

Vipaza sauti viwili vilivyowekwa kwa utaratibu vina faida kubwa. Mwingereza Alan Blumlein aliandikisha uvumbuzi wake wa sauti ya pande mbili mwaka 1931. Akili yetu hutambua upande sauti inakotoka kwa kulinganisha sikio la kulia na la kushoto. Rekodi yenye pande mbili za kweli humwezesha msikilizaji kuiona kwaya mbele yake kwa akili, soprano huku na besi kule, na sauti zilizotengana hazifunikani kirahisi.

5. Kanda, sahani na faili

Kaseti iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 ina utepe wa upana wa milimita 3.81, unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Utepe wa studio ulikuwa na upana wa zaidi ya milimita 6, ukienda sentimita 38 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya kaseti ivume, kwa kuwa chembe za sumaku zinazopita mbele ya kichwa cha mashine ni chache. Kila nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine iliongeza mvumo na kupunguza konsonanti, na kanda nyingi za kwaya tulizozipenda zilikuwa nakala ya nakala.

Sahani ya kidijiti ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 iliondoa uovu huo. Yenyewe hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya 65,536. Hiyo yatosha kwa sikio la binadamu. Faili ya MP3, iliyokuzwa Ujerumani na kuenea tangu miaka ya 1990, hupunguza ukubwa kwa kuacha yale ambayo sikio halitarajiwi kuyasikia. Ikibanwa kwa kiasi cha kadiri, wengi hawatambui tofauti. Ikibanwa mno, makofi na kayamba husikika kama maji yanayochuruzika. Na faili iliyobanwa, ikahaririwa, kisha ikabanwa tena, hurudia kosa lile la nakala ya nakala.

Pana ubanaji mwingine, usiohusu ukubwa wa faili. Ili wimbo usikike kuwa na nguvu kuliko ule uliotangulia redioni, fundi hupandisha sehemu za chini na kukandamiza vilele hata wimbo wote uwe na kimo kimoja. Mwanzo twafurahi, baada ya nyimbo tatu tunachoka bila kujua sababu. Kwaya inayonong'ona katika ubeti wa toba na kupaza sauti katika kiitikio cha sifa imenyang'anywa vyote viwili.

Kuhusu programu za kunyoosha sauti, kama Auto-Tune iliyotolewa mwaka 1997, nasema neno moja tu. Kwaya nzuri inayoimba bila kinanda hurekebisha sauti zake kwa kusikilizana, na sauti ya tatu ya koadi huwa chini kidogo kuliko ilivyo kwenye kinanda. Utamu wa mlingano huo ni matunda ya mazoezi. Programu ikiwekwa kwa nguvu huivuta kila sauti kwenye noti za kinanda, na kuyafuta matunda hayo pamoja na makosa.

6. Wapenzi wa sauti na udanganyifu wa masikio

Katika nchi tajiri wako watu wanaotumia fedha nyingi sana kutafuta sauti kamilifu: spika, vikuza sauti, hata nyaya za bei ya kutisha. Tusiwacheke, upendo wao kwa muziki ni wa kweli, na wametufundisha kusikiliza kwa utulivu. Lakini masikio yetu husikia pia kwa msaada wa matarajio. Kati ya mwaka 1915 na 1925 kampuni ya Edison ilifanya maonyesho ambamo mwimbaji aliimba pamoja na santuri yake, taa zikazimwa, na wasikilizaji wengi wakasema hawakutambua mwimbaji aliponyamaza. Sisi leo tukizisikia santuri hizo hatuwezi kukosea hata kidogo.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran wa Marekani walichapisha majaribio ambamo wasikilizaji walilinganisha rekodi za kiwango cha juu na zilezile zilizopitishwa katika kiwango cha sahani ya kawaida, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani sawa na kurusha sarafu. Kadhalika ni jambo linalojulikana kwamba kati ya sauti mbili zinazofanana, ile iliyo juu kidogo huonekana bora. Muuzaji wa spika aweza kulitumia hilo. Tunapolinganisha vitu viwili, hatuna budi kwanza kusawazisha ukubwa wa sauti, kisha tusikilize bila kujua bei.

7. Mambo ya kufanya

Kutokana na hayo yote, nilimpa mwenyekiti ushauri ufuatao.

Kwanza, fedha zitumike kwa mpangilio wa chanzo: waimbaji na mazoezi kabla ya chumba, chumba kabla ya kipaza sauti, kipaza sauti kabla ya programu, na spika mwisho. Kilichopotea mwanzoni hakirudishwi mwishoni.

Pili, rekodini kwaya ikiwa imesimama pamoja katika nusu duara, ndani ya kanisa lenye watu au lenye vitenge na magodoro ukutani, saa ambayo mvua haipigi mabati.

Tatu, kiwango cha kurekodi kisiguse mwisho wa kipimo. Katika kurekodi kwa kidijiti kilele kilichopita mwisho hukatwa, wala hakuna dawa.

Nne, ala ziwekwe chini ya maneno. Mpeni mtu asiyeujua wimbo ausikilize mara moja na kuandika anachosikia. Akishindwa, kazi haijakamilika.

Tano, sikilizeni katika spika ndogo ya simu, katika redio ya gari na katika spika nzuri, kwa maana waumini watatumia zote.

Sita, hifadhini kanda za zamani. Safisheni kichwa cha mashine kwa spiriti, chezeni kanda ya asili wala si nakala, hamisheni sauti katika faili isiyobanwa, na wekeni nakala tatu mahali tofauti. Kanda huota ukungu, na mashine za kuzichezea zinatoweka.

Hitimisho

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya”, ambao umeimbwa katika nchi nyingi. Ulisafiri kwa karatasi na noti. Noti hubeba wimbo, lakini hazibebi sauti ya watu waliouimba, jinsi walivyovuta pumzi na kulitamka neno. Hayo hubebwa na rekodi peke yake, na watakaotuuliza tulivyoimba watakuwa na rekodi hizo tu.

Kwaya ile ilirekodi upya nyimbo saba, Jumamosi alasiri, kwa vipaza sauti viwili vya kuazima na kinasa sauti kidogo, usharika ukiwa umekaa kimya katika mabenchi. Gharama haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya kwanza. Katika wimbo wa tatu jogoo anasikika, na walimu wakaamua abaki. Yule mama mzee alisikiliza hadi mwisho, akawarudia maneno ya ubeti wa pili pasipo kusaidiwa. Nami nimekwisha hamisha kanda ya mwaka 1994, na nakala moja imewekwa katika ofisi ya usharika, kwa kuwa mama hakuimba peke yake.